Mtoto Akivushwa Mpaka

Mkataba wa The Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980, ambao Japani ilianza kuutekeleza tarehe 1 Aprili 2014, hauamui ni mzazi yupi amlee mtoto, bali unaagiza kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 aliyehamishwa isivyo halali arejeshwe katika nchi ya makazi yake ya kawaida, yaani kule alikokuwa akiishi kabla ya kuondolewa, ili mahakama za huko ndizo ziamue malezi. Amri ya kumrejesha, hata hivyo, si utekelezaji wake: hadi marekebisho ya mwaka 2019 ya sheria ya Japani yalipoanza kutumika, ofisa wa mahakama aliyebisha hodi hakuweza kumchukua mtoto iwapo mzazi aliyemhamisha hakuwapo, mwanya ambao mkaidi yeyote angeutumia. Upatanishi, yaani mazungumzo yanayoongozwa na mtu asiye na mamlaka ya kuhukumu, hufika pasipofikiwa na amri hiyo, kwa kuwa wazazi huweza kukubaliana hata kuhusu likizo, nauli na simu za video. Penye kipigo, bila shaka, haufai kulazimishwa. Na kwa kuwa ombi likicheleweshwa zaidi ya mwaka mmoja mahakama huweza kukataa kumrejesha mtoto aliyekwisha kuzoea mazingira mapya, mazungumzo yaendeshwe sambamba na kesi.