Mashini ya Biro Ilizima Juu ya Joto
Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka

  

Leo hatukuja kusema mambo ya mbegu wala ya mabati. Tumekuja kusema juu ya ile mashini ya biro, na kwa nini ilizima siku ya kutoa mikopo. Wengi mlikuwa pale, mliona skrini imekuwa nyeusi watu wakiwa mstarini. Na mnajua yaliyofuata. Daftari la akiba lililokuwa ndani ya mashini lilikataa kufunguka. Kopi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya majuma matatu nyuma. Watu wakaanza kumwangalia mama mtunza feza kwa jicho la pembeni. Wengine walisema wazi kwamba amefuta majina.

Ndugu, hakufuta kitu. Mama yule alikuwa anaandika kila mchango katika kaye yake ya shule, tangu zamani, juu hakuiamini mashini. Tumekaa naye siku mbili, tumesoma kaye mstari kwa mstari pamoja na wajumbe watatu mliowachagua ninyi wenyewe. Hesabu imetoka sawa hadi franga ya mwisho. Kosa lilikuwa letu, sisi watu wa tereni tuliowaletea mashini. Mama, mbele ya mkutano huu, tunakuomba samahani.

Sasa tueleze lile kosa, ili lisirudi.

Mashini yetu si ya kununua imefungwa tayari. Fundi aliiunganisha kipande kwa kipande: kasha, ubao mkuu, prosesa, diski, na feni tatu. Tulipenda hivyo kwa sababu kipande kimoja kikikufa, tunabadilisha kile tu. Lakini mashini ya namna hiyo, mwenye kuiunganisha ndiye anapashwa kuipangia hewa yake.

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote. Yetu inakula umeme wa wati 65 hivi ikifanya kazi sana, na umeme ule wote unageuka joto, mahali padogo kuliko kiganja cha mtoto. Juu yake kuna chuma chenye mapezi mengi membamba, na feni inapuliza mapezi yale. Ni sawa vile mbabula: ukiiweka nje, moshi na joto vinaenda zao. Ukiifungia ndani ya chumba kisicho na dirisha, utaona.

Na sisi tuliifungia. Kwa kuogopa wezi, tulitengeneza sanduku la mbao lenye kufuli, tukaingiza mashini ndani. Feni haitengenezi baridi, wandugu. Inasukuma tu hewa iliyopo. Ndani ya sanduku lile, feni ilikuwa inavuta tena hewa ya moto ambayo imetoka kuitupa yenyewe. Hapa kwetu kando ya Tanganyika, mchana biro peke yake inafika digrii 31. Tulipopima, prosesa ilipanda hadi 97. Prosesa ikifika huko inapunguza kwanza mwendo wake ili ijiokoe. Ndiyo maana mlikuwa mnalalamika kwamba mashini imekuwa mvivu. Joto likizidi kupanda, inajizima yenyewe kabla haijaungua. Siku ile ilijizima katikati ya kuandika, na daftari likavunjika.

Kosa la pili: feni ya nyuma ilikuwa imefungwa kinyume. Feni ya mbele inapashwa kuingiza hewa, ya nyuma kuitoa. Zetu zote mbili zilikuwa zinaingiza, zinapigana. Kujua si kazi ngumu. Hewa inatokea upande ule wenye mikono midogo inayoshika moyo wa feni. Kama una mashaka, shika kipande cha karatasi nyepesi karibu nayo: ikivutwa, hewa inaingia, ikisukumwa, inatoka.

Kosa la tatu ndilo linatupa haya zaidi. Mlipolalamika kwamba mashini inapiga kelele wakati wa mkutano, tuliingia katika mipango ya ubao mkuu, ile inayoonekana unapowasha tu, tukachagua mwendo wa kimya. Feni zikabaki kuzunguka polepole hata joto likipita 80. Tulinunua kimya kwa bei ya daftari lenu.

Sasa tumezipangia ngazi. Prosesa ikiwa chini ya digrii 40, feni zinaenda kwa asilimia 30 ya nguvu zake. Ikifika 60, asilimia 60. Ikifika 75, zote zinakimbia mwisho wa nguvu. Feni ya prosesa ina nyaya nne: mbili za umeme, moja ya kuambia ubao feni inazunguka mara ngapi kwa dakika, na ya nne inapokea amri ya kuongeza au kupunguza. Zile mbili za kasha zina nyaya tatu tu, hazina ya amri. Hizo ubao unazitawala kwa kupunguza volti chini ya 12. Lazima kuchagua namna hiyo katika mipango, kama sivyo zinakimbia mbio kila saa. Na mtu asiogope betri za pano: feni moja ya namna hii inakula wati chache tu.

Sanduku tumelivunja. Mashini imefungwa kwa mnyororo kwenye meza, mbali na ukuta kiasi cha kiganja kimoja, na mbali na dirisha la barabara. Siku ya mikopo iliyopita ilifanya kazi tangu asubuhi hadi saa tisa, na haikupita digrii 68. Si bongo, wajumbe waliandika wenyewe.

Inabaki vumbi. Tulipofungua kasha, mapezi yalikuwa yamefunikwa sawa vile blanketi. Basi, kila mwezi vijana wawili watazima mashini, watachomoa waya, watatoa vumbi kwa brashi kavu na pampu ya kinga. Shikeni feni kwa kidole mnapopuliza, isizunguke ovyo. Kitambaa cha maji, hapana. Feni ikianza kulia au kukwaruza, semeni mapema, msingoje isimame. Na kama chuma cha mapezi kimetolewa, ile dawa ya kupitisha joto chini yake isafishwe na ipakwe mpya, kiasi cha punje ndogo ya haragi.

Kwa marafiki wanaotusaidia: hatuombi mashini mpya. Tunaomba feni mbili za akiba, mrija mmoja wa dawa ile, na diski ndogo mbili za kuwekea kopi. Kopi itafanywa kila Jumamosi, moja ibaki biro, nyingine ilale kwa mwenyekiti.

Na kaye ya mama iendelee. Wengi wetu tulivuka ziwa kutoka Kigoma na karatasi chache ndani ya mfuko wa plastiki, na karatasi zile ndizo zilizotusemea tulipofika. Tusiseme kwamba wakati wa karatasi umekwisha. Mkutano ukikubali, tunapendekeza mfuko wa chama umnunulie kaye mpya, ile kubwa ya kurasa 200, na kila Jumamosi isomwe kwa sauti pamoja na mashini. Zikitofautiana, tunasimamisha kazi na kutafuta sababu, kabla ya kumtafuta mtu.

 Sasa leteni maulizo.