Kwaya Iliyoijenga Shule: Safari za Waimbaji wa Jubilei wa Fisk, 1871–1878



Neno jubilei, ambalo Biblia yetu huliandika yubile, limesikika sana katika usharika huu mwaka huu. Asili yake ni Mambo ya Walawi, sura ya 25, mahali inapoagizwa kwamba katika mwaka wa hamsini kila Mwisraeli aliyeuzwa arudi kwao akiwa huru. Ilikuwako kwaya ya shule ya Kikristo iliyolichukua jina hilo ikiwa na haki nalo kuliko wengi, kwa kuwa waimbaji wake walio wengi walizaliwa utumwani.

Shule yenyewe ni Fisk, katika mji wa Nashville, Marekani. Wamisionari waliifungua Januari 1866, baada ya vita vilivyokomesha utumwa katika nchi ile, wakitumia majengo ya mbao yaliyokuwa hospitali ya jeshi. Kufikia mwaka 1871 majengo yalikuwa yamechakaa na madeni yameielemea shule. Mtunza hazina, George White, ndiye aliyekuwa pia mwalimu wa kwaya. Akachukua salio lililokuwa katika hazina, na tarehe 6 Oktoba akaondoka na wanafunzi tisa kwenda kuimba katika majimbo ya kaskazini.

Mwanzo ulikuwa wa kukatisha tamaa. Katika mji wa Chillicothe, jimbo la Ohio, hoteli ziliwakataa kwa sababu ya rangi yao. Hatimaye mwenye nyumba mmoja akawapokea na kuwaachia chumba chake mwenyewe, lakini kwa sharti kwamba wale kabla ya wageni wengine hawajafika mezani. Siku zizo hizo zikaja habari za moto mkubwa ulioteketeza mji wa Chicago. Wakayatoa mapato yote ya jioni moja kwa ajili ya walioungua. Hayakufika dola 50, nao walikuwa na deni. (Kwaya inayopanga safari leo na ikumbuke hesabu hiyo kabla ya kuagiza sare mpya.)

Baada ya usiku wa maombi, katika mji wa Columbus, White akawapa jina la Waimbaji wa Jubilei. Hata hivyo jina halikutosha. Mwanzoni waliimba zaidi nyimbo za kizungu, kama zilivyoimbwa na kwaya yoyote ya wakati ule, na wasikilizaji walikuja wachache. Nyimbo za wazazi wao, zile zilizoimbwa mashambani na katika mikutano ya siri ya sala, walizificha. Sababu zilikuwa mbili, na zafaa zisichanganywe. Kwanza waliziona takatifu, mali ya wazee wao mbele za Mungu, si kitu cha kutolewa kwa kiingilio. Pili ziliwakumbusha aibu ya utumwa, nao walikuwa wasomi waliotaka kuisahau. White aliwasihi polepole, wakazifanyia mazoezi wakiwa peke yao. Novemba 1871, huko Oberlin, mbele ya mkutano mkuu wa makanisa, wakaimba wimbo uitwao “Steal Away” kwa sauti ya chini mno. Tangu wakati huo nyimbo zile zikaanza kushika nafasi ya kwanza. Kilichokuwa kimefichwa ndicho kilichoilipia shule madeni.

Mwaka 1872 walirudi na dola 20,000. Mwaka 1873 wakavuka bahari hadi Uingereza, wakaimba mbele ya Malkia Victoria. Kwa fedha walizokusanya likajengwa jengo kubwa la Jubilee Hall, lililofunguliwa rasmi tarehe 1 Januari 1876, nalo lingalipo. Safari ya pili ya Ulaya ilikusudia jengo jingine, la kuwafundishia wamisionari watakaokuja Afrika, likapewa jina la Livingstone, ambaye mwili wake ulipitishwa Bagamoyo mwaka 1874 ukirudishwa kwao. Wakaendelea mpaka Ujerumani, nchi ya Luther. Waliimba Potsdam mbele ya jamaa ya Kaisari mwaka 1877, miaka 14 kabla wamisionari wa Berlin hawajafika Konde.

Gharama yake haiandikwi sana katika vitabu vya sifa. Mke wa White alifariki Glasgow mwaka 1874, wakiwa safarini. White mwenyewe aliugua, na waimbaji kadhaa wakavunjika afya kwa baridi na kazi isiyo na mapumziko. Kwaya ilipovunjwa huko Hamburg mwaka 1878, ilikuwa imekusanya kiasi cha dola 150,000, lakini wengi wa waimbaji hawakumaliza masomo katika shule waliyoiokoa. Hilo ni deni ambalo halikulipwa, na si haki kulifunika kwa shangwe.

Ella Sheppard, mpiga kinanda wao, alizaliwa mtumwa mwaka 1851. Baba yake alimkomboa kwa fedha, lakini mama akabaki mikononi mwa bwana wake, akapelekwa Mississippi. Baada ya vita Ella alimtafuta mpaka akampata, na baadaye akamjengea makao Nashville, karibu na shule.

Hadi leo, kila tarehe 6 Oktoba, wanafunzi wa Fisk huenda makaburini kuwaimbia waimbaji wale wa kwanza.