Elimu ya Uchumi si ya Waajiri Peke Yao
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kilimani, Nairobi)



Kila tarehe 1 Mei twangoja kusikia kama mshahara wa chini umeongezwa. Na kila mara waajiri husema kwamba mishahara ikipanda, kazi zitapungua. Maneno hayo yana asili yake katika elimu ya uchumi inayofundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi, si mbali na hapa. Basi yatupasa na sisi tuijue.

Kwanza, kuna hesabu ya kukua. Chukua 70, ugawe kwa asilimia ya kukua kwa mwaka. Utapata miaka ya pato kuwa maradufu. Uchumi ukikua asilimia 5, ni miaka 14. Lakini watu wakiongezeka asilimia 2, fungu la kila mtu hukua 3 tu, yaani zaidi ya miaka 23. Tena huo ni wastani. Hauonyeshi nani kapata nini. Mwenye ghorofa Kilimani yumo, na mlinzi atembeaye kwa miguu kutoka Kawangware alfajiri yumo vile vile.

Pili, kuna jambo lililotokea kwetu. Mwaka 1964 Serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi walipatana: makampuni yaongeze kazi asilimia 10, Serikali 15, na wafanya kazi wasidai nyongeza kwa mwaka mmoja. Wasiokuwa na kazi hawakuisha. Mwaka 1970 mabwana wawili, Harris na Todaro, wakaeleza sababu: nafasi zikiongezeka mjini, watu wengi zaidi huacha mashamba kuja kubahatisha, maana mshahara wa mjini unapita pato la shamba.

Wako waliochukua hoja hiyo kutaka mishahara yetu izuiwe. Lakini hoja ile ile yasema pia: inueni pato la mkulima, na msongamano mjini utapungua. Nao wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani, waliokuja Kenya mwaka 1972, walionyesha kwamba taabu kubwa haikuwa uvivu wala kukaa bure. Wengi walifanya kazi kutwa nzima, ila ujira haukuwatosha.

Mwaona, ndugu, kisu ni kimoja. Yategemea nani ameshika mpini.

Tom Mboya alitoka katika chama cha wafanya kazi wa halmashauri, akaenda kusoma Ruskin College, Oxford, mwaka 1955, kisha akawa Waziri wa Mipango ya Uchumi. Leo Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007 yatupa viti katika mabaraza ya mishahara. Kiti bila hesabu ni kiti tu. Kwa hiyo natoa shauri: chama kitenge fedha za karo, tupeleke vijana wetu, wanaume kwa wanawake, wakasome uchumi jioni baada ya kazi, kisha wakae upande wetu wa meza.

Umoja ni nguvu, na elimu ni silaha yake.