Mtoto Aliyelegea Hana Laana

Mimi ni muuguzi wako wa afya ya jamii. Mama, kama una mtoto mchanga mapajani, sogea karibu na redio. Baba pia, usiende mbali.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea kliniki mtoto wa miezi mitano. Uzani ulikuwa mzuri, na macho yake maangavu yalinifuata kila nilipokwenda. Lakini nilipomwinua, shingo ilianguka nyuma, na miguu ililala kama ya chura. Nikamwambia mama: watoto hawalingani, ngoja kidogo. Hilo lilikuwa kosa langu. Nyumbani mama mkwe alikuwa ameshasema ni laana ya ukoo wa kina mama. Daktari wa watoto alipomwona, alisema ni SMA, ugonjwa wa kufa kwa neva za uti wa mgongo zinazoamuru misuli. Mtoto alifariki kwa homa ya mapafu kabla ya kutimiza mwaka.

Ugonjwa huu hutokeaje? Ndani ya chembe za mwili mna maagizo tuliyorithi, yaitwayo jeni. Maagizo hayo hunakiliwa katika ujumbe uitwao RNA. Ujumbe huo mwanzoni ni kama jora la kitambaa: fundi hukata, hutupa vipande visivyohitajika, kisha hushona vinavyofaa kwa mpangilio wake. Akiruka kipande, nguo haivaliki.

Neva zile haziwezi kuishi bila protini iitwayo SMN. Jeni ya kwanza inayoitengeneza, SMN1, hufanya kazi barabara. Ya pili, SMN2, ni pacha wake, ila herufi moja iliyobadilika humfanya fundi aruke kipande cha 7 mara nyingi. Protini inayotoka ni fupi na huharibika upesi. Kama moja tu katika kumi ndiyo hutoka kamili. Wengi wetu hatudhuriki kwa kuwa SMN1 ipo. Mtoto wa SMA hana SMN1 iliyo nzima, kwa hiyo anamtegemea yule fundi mzembe.

Kwa kawaida baba na mama, wote wawili, hubeba kasoro hiyo bila kuugua, na kila mimba huwa na nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Basi mama mkwe akimnyooshea kidole mkaza mwana, ajue kidole kingine kinamwelekea mwanawe. Hakuna aliyekosa.

Watafiti Marekani, akiwemo Adrian Krainer wa maabara ya Cold Spring Harbor, walitengeneza dawa ya nusineseni. Hujibandika kwenye ujumbe wa SMN2 na kuifunika alama inayomwambia fundi "ruka hapa", na kipande cha 7 hushonwa mahali pake. Iliidhinishwa huko Desemba 2016, na hudungwa mgongoni. Mwaka 2020 ikaidhinishwa risdiplamu, dawa ya kunywa kila siku, ambayo nayo humrekebisha fundi huyo huyo.

Nitasema kweli: bei ni kubwa mno. Nusineseni ilipotoka, dozi moja ilitangazwa kwa dola 125,000, na mwaka wa kwanza ni dozi sita. Hutaikuta zahanati. Lakini neva iliyokufa hairudi, na hata bila dawa hizo, mtoto anayejulikana mapema husaidiwa kupumua, hulishwa kwa njia isiyompalia, hufanyishwa mazoezi na kukingwa na magonjwa ya kifua.

Kwa hiyo mtazame. Amefika miezi minne na shingo haijakaza? Ukimshika makwapani anateleza? Kilio ni hafifu, ananyonya akichoka, tumbo linapanda huku kifua kikibonyea? Mlete. Na kama alikuwa na nguvu kisha mguu ukalegea ghafla, hiyo ni habari nyingine, huenda ni polio: mlete siku hiyo hiyo.

Muuguzi akikwambia ngoja, kama nilivyosema mimi, omba barua ya kumwona daktari wa watoto.

Tukutane wiki ijayo, saa kama hii.