Mlango wa Shule na Usawa wa Watu

 



Watu wengi hudhani kuwa tofauti ya vyeo na mali yatokana na akili au bahati peke yake. Mwenye kutazama vema ataona kuwa sheria ya shule nayo ina mkono wake. Sheria hiyo huamua nani afundishwe, kwa fedha ya nani, na katika nyumba ya nani. Na baada ya miaka ishirini watu huvuna ilichopanda. Habari za Waislamu wa Kongo, hasa wa Maniema, ni ushahidi wa kutosha.

Kabla ya utawala wa Wazungu, Kasongo na Nyangwe ilikuwa miji yenye watu wajuao kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Vita vya mwaka 1892 hadi 1894 vikaangusha nguvu ya Waarabu na wenzao mbele ya dola ya Mfalme Leopold II. Mwaka 1906 dola hiyo ilipatana na Vatikani kwamba misheni za Kikatoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Kibelgiji ikatoa fedha kwa shule za misheni zilizohesabiwa kuwa za taifa lake, na karibu zote zilikuwa za Kikatoliki. Misheni za Kiprotestanti zilingoja hadi mwaka 1948 kupata msaada huo. Ama chuo cha Kurani, hicho hakikuhesabiwa kuwa shule, wala mwalimu wake hakupewa hata senti moja.

Hivyo baba Mwislamu alisimama baina ya mambo mawili mazito. Akimpeleka mwanawe misheni, alihofu kuwa atarudi na jina jingine na dini nyingine. Akimzuia, mtoto alikosa cheti. Wengi walichagua kuilinda dini, nao hawafai kulaumiwa, lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Kazi ya ukarani, ya uuguzi na ya ualimu ilitaka cheti. Barua za kodi na hukumu ziliandikwa kwa Kifaransa. Mwana wa karani akawa karani mkuu, na mwana wa mshoni akabaki kupima nguo za makarani. Ushoni ni kazi ya heshima. Dhulma ni mtu kufungiwa humo na asiwe na njia nyingine.

Haki yataka isemwe pia kwamba mapadri na masista wengi walifundisha kwa bidii, na kwamba hasara haikuwa ya Waislamu peke yao. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, wananchi wake waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30. Basi lawama haimwendei jirani kwa imani yake. Yaiendea sheria iliyochukua mlango wa watu wote ikaukabidhi kwa wachache.

Sheria iliyofunga ndiyo iliyokuja kufungua. Mwaka 1954, Auguste Buisseret alipokuwa Waziri wa Makoloni, zilianza shule za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kiafrika. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilitwaa shule za madhehebu, na mwaka 1977 ikarudisha uendeshaji wake kwa mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Baadaye Jumuiya ya Kiislamu nayo iliingia katika mapatano kama hayo. Mtoto Mwislamu akaweza kupata cheti cha serikali bila kuiacha sala yake.

Lakini kulikuwa na mlango wa pili nyuma ya ule wa kwanza, nao ni karo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilishindwa kuwalipa walimu inavyopasa, na wazazi wakaombwa kuchangia. Ilisemwa kuwa ni jambo la muda. Likadumu zaidi ya miaka 25. Mwenye mali alisomesha watoto wote. Maskini alilazimika kuchagua, na mara nyingi aliyebaki nyumbani na ndoo ya maji alikuwa msichana. Hapakuwa na sheria iliyosema msichana asisome. Ukimya wa sheria ulitosha.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, ilitamka kuwa elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 ikalikariri neno hilo. Utekelezaji ulianza Septemba 2019, yaani miaka 13 baada ya Katiba. Watoto walimiminika, madarasa yakajaa kupita kiasi, na walimu wengi walikuwa bado nje ya orodha ya mishahara. Wenye uwezo wakawapeleka watoto wao shule za binafsi. Shule ya bure isiyo na mwalimu aliyelipwa hurudisha ile tofauti ya zamani kwa njia nyingine.

Kwa hiyo mambo matatu yaipasa kila jumuiya ya Waislamu. Kwanza, isome sheria za elimu na kuzieleza misikitini, maana haki isiyojulikana haidaiwi. Pili, pale sheria isemapo bure, isikubali karo irudi kwa jina la mchango, wala isinyamaze mwalimu anapokosa mshahara wake. Tatu, kila nyumba imhesabu binti sawa na kaka yake. Uislamu umeifanya elimu kuwa faradhi kwa wote wawili. Wazazi wa zamani walizuiwa na sheria. Wa leo akimzuia binti yake, hana sheria ya kusingizia.

Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, na awajaalie viongozi uadilifu. Amin.