Kokoto Iliyodondoka Ina Mwenyewe

Dereva yeyote anayeitumia barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro anaujua mlio huu: ta! Ukitazama, kioo cha mbele kina kidonda kidogo, na pembeni yake nyufa changa zimeanza kuchomoza. Abiria wanampa dereva pole. Bahati mbaya, wanasema, ndiyo barabara. Leo naomba tulikatae neno hilo, bahati mbaya. Kokoto haioti mbawa ikaruka yenyewe. Kuna aliyeipakia, kuna aliyeiacha ikadondoka, na kuna aliyepita akaiona.

Tuanze na kioo chenyewe. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja, katikati kuna utando wa plastiki, mfano wa mkate uliopakwa jemu. Utando huo haufikii hata milimita 1. Wazo lilianzia Ufaransa mwaka 1903, chupa ya mkemia Édouard Bénédictus ilipoanguka ikapasuka bila kusambaratika, kwa kuwa kemikali iliyokaukia ndani ilikuwa imeacha utando. Mwaka 1909 akaomba hataza. Vioo vya milango kwa kawaida vikivunjika huwa punje punje, lakini cha mbele, kwa sababu ya utando huo, hupasuka kikabaki mahali pake.

Kubaki mahali pake, hata hivyo, si kubaki kizima. Chuma kikigongwa hubonyea. Kioo hakijui kubonyea. Mwaka 1921 mhandisi wa Uingereza, A. A. Griffith, alieleza kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko inavyotarajiwa: usoni pake pana mikwaruzo midogo mno, na nguvu ya pigo hukusanyika kwenye ncha ya mkwaruzo. Kila tunapowasha waipa juu ya vumbi kavu tunaiongeza mikwaruzo hiyo. Kokoto yenye ncha ikifika, inakuta kazi imeshaanza.

Sasa tuje kwenye mwendo. Watu wengi huamini lori limewarushia jiwe. Si kila mara ndivyo. Kokoto inadondoka kutoka juu ya tipa, inadunda kwenye lami, inapoteza kasi yake. Halafu gari la nyuma linakuja kwa kilomita 100 kwa saa na kuigonga ikiwa bado hewani. Yaani jiwe halikukufuata, wewe ndiye uliyelifuata. Na nguvu ya pigo haipandi sawasawa na mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Ukishuka kutoka kilomita 100 hadi 70, pigo la jiwe lile lile hupungua kwa takriban nusu. Mkipishana na lori ana kwa ana ndiyo hatari zaidi. Wewe uko 100, lori liko 80, na jiwe lililochomoka kwenye mzigo wake linakujia kwa mwendo wenu wote wawili, kilomita 180 kwa saa.

Kuna na mawe yanayonasa katikati ya matairi pacha ya nyuma ya lori. Yanakaa pale mpaka lori lishike kasi, kisha yanafyatuka. Utingo anayezunguka gari kabla ya safari, akayachokoa mawe hayo na kuangalia kama mipira ya kuzuia matope ipo nyuma ya matairi, amemwokoa mtu asiyemjua.

Kidonda kikishatokea, tatizo linaanza kukua. Gari limeshinda juani Dodoma, kioo kimepata moto, dereva anaingia na kuelekeza kiyoyozi chote kwenye kioo. Upande mmoja unasinyaa, mwingine bado umetanuka, na ufa unatafuta njia. Wengine humwagia maji baridi. Matokeo ni yale yale. Matuta na rasta za barabarani hulitikisa bodi, bodi linakivuta kioo. Unyevu ukiingia kwenye ufa, unausaidia kusonga mbele. Ufa ukifika ukingoni mwa kioo, hapo hakuna tena kuziba, ni kubadilisha.

Kwa hiyo kidonda kikiwa kidogo, tena mbali na ukingo na mbali na macho ya dereva, kibandike utepe wa gundi unaopitisha mwanga ili vumbi na maji visiingie, kisha mwone fundi mapema. Fundi mwenye vifaa huinyonya hewa iliyomo ndani ya ufa, akaingiza resini na kuikausha kwa taa maalumu. Alama itaonekana kidogo, lakini ufa utakuwa umesimama.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wenye magari yao, wana fedha za kubadilisha vioo. Nakataa. Daladala lina kioo cha mbele, basi la mkoani lina kioo cha mbele. Usiku, taa za gari linalokuja zikipiga kwenye ufa, mwanga hutawanyika na dereva asimwone mtembea kwa miguu pembeni. Gari likipinduka, kioo cha mbele ni sehemu ya nguzo zinazolizuia paa lisiwalalie watu. Kioo kibovu kinamhusu hata asiyemiliki baiskeli.

Ndiyo maana nasema kokoto ina mwenyewe. Malori mengi yanayoleta kokoto Dar es Salaam hupakia kwenye machimbo ya Lugoba, yanapita Chalinze, yanasimama kwenye mizani ya Vigwaza kupimwa uzito. Lori likiwa limesimama pale, kuangalia kama mzigo umefunikwa turubai hakuhitaji mashine wala bajeti mpya, ni kuinua macho tu. Lisilofunikwa lisiondoke. Na kazi ianzie machimboni: tipa lisipakiwe likafurika hadi kokoto zikapanda juu ya kingo za bodi. Wakandarasi nao, wanapomwaga lami na kunyunyiza kokoto juu yake, wazifagie zilizolegea kabla ya kufungulia magari, na waweke alama za kupunguza mwendo.

Sisi madereva tuna fungu letu pia. Ukiona tipa mbele yako, baki nyuma, lipe nafasi. Usigande nyuma yake ukitafuta upenyo wa kulipita. Ukipita kwenye barabara inayotengenezwa, punguza mwendo hata kama hakuna askari.

Mwenye mzigo anayelipia turubai moja hulitumia safari nyingi. Asipolinunua, gharama hiyo haipotei; inalipwa na watu asiowajua, kioo kwa kioo, kila siku. Huo si mkosi, ni deni, na wakati umefika lidaiwe kwa mwenyewe.