NYOLOLO: NANI ALIWEKA SAINI?

Ndugu wanachama wa tawi letu la Kakesio,

Wengi mlikuwa malishoni siku ya mkutano, mkaomba niwatumie nilichosema juu ya yale mabishano ya kifo cha Daudi Mwangosi. Ni haya.

Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, Wilaya ya Mufindi, CHADEMA walikuwa wanafungua tawi. Tawi tu, kama hili letu. Polisi walikuwa wamezuia mikusanyiko ya siasa kwa sababu ya sensa. Wenzetu wale wakaona kufungua tawi si mkutano wa hadhara. Askari wakaja kuwatawanya. Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, alizingirwa, akapigwa, kisha akafyatuliwa bomu la machozi kwa karibu kabisa. Alikuwa kazini, hana silaha.

Julai 2016 Mahakama Kuu, Iringa, ilimfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mmoja.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Mzee wetu alisema aliyefyatua ndiye mwenye damu, basi. Kijana akajibu kwamba yule katumwa, wafungwe waliomtuma. Mama mmoja, ambaye mwanawe ni askari, alinyamaza muda wote, na hakuna aliyemuuliza.

Mimi ni mtu wa hesabu. Hati ya malipo ina saini ya aliyeandaa, ya aliyekagua, ya aliyeidhinisha na ya aliyelipa. Fedha ikipotea tunasoma saini zote. Mlipaji haponi kwa kusema "niliidhinishiwa", wala aliyeidhinisha haponi kwa kusema "sikushika fedha". Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilichunguza Nyololo, ikasema polisi walivunja haki za binadamu. Kamanda wa polisi wa mkoa alikuwepo siku ile. Lakini kizimbani alisimama askari wa chini peke yake. Hukumu ile siipingi. Nasema imesomwa saini ya mwisho tu.

Kuna aliyesema CHADEMA nao wabebe, maana walikaidi. Sawa, anayekaidi ashtakiwe. Sheria imeweka adhabu yake, na kuuawa hakumo.

Tusijifanye hatuyajui haya. Juni 2022, kule Loliondo, wilaya hii hii, wakati wa kuweka mipaka, askari polisi aliuawa kwa mshale na wananchi wakajeruhiwa kwa risasi. Tukidai saini zote upande wa bunduki, tuzidai na upande wa upinde.

Sasa letu. Kabla ya mkutano wa hadhara ujao nitapeleka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, na nakala yenye muhuri itabaki kwenye faili. Napendekeza pia vijana wa ulinzi wasije na sime wala rungu. Najua mtasema rungu ni vazi. Njooni mseme Jumamosi, saa nne, ofisini.

Yule mama nimeongea naye. Amekubali kuzungumza wa kwanza.

Katibu wa Tawi